Kava la laptopu limepasuka kwenye bawaba: anza na bawaba, gundi ifuate

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Uvinza. Laptopu yangu imepasuka kona ya kushoto, pale kioo kinapoungana na sehemu ya kibodi. Nikifungua inalia kraa, na kava la nyuma la kioo linaachana na fremu mpaka naona nyaya. Nimeshapaka supaglu mara mbili, inakaa siku chache inaachia. Fundi mmoja kaniambia dawa yake ni kununua kava jipya Dar es Salaam. Mashine yenyewe inafanya kazi vizuri na ndiyo ninayoitegemea kwa mitihani na alama za wanafunzi. Naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani? Nitumie gundi gani? Na nikiamua kuagiza kava, nimwambie nini muuzaji nisije nikaletewa lisilo lake?"

Marahaba, Mwalimu. Unaweza, na kazi yenyewe inafanyika mezani nyumbani bila mtambo wowote wa ajabu. Umeuliza gundi, lakini nitaanza na kitu ambacho hukukiuliza, kwa sababu ndicho kilichokuangusha mara zote mbili: bawaba ya kushoto imekaza. Kila ulipofungua mashine, bawaba ilikataa kuzunguka, ikawa inaing'oa plastiki iliyoishikilia. Ukipaka gundi bora kuliko zote na bawaba ukaiacha vilevile, kava litapasuka tena, pengine pembeni kidogo tu ya pale ulipounga.

Nikueleze kilichomo ndani ili ukifungua usishangae. Bawaba ya laptopu ni mhimili wa chuma uliopita kwenye visahani vidogo vilivyobanwa kwa nati, katikati kuna grisi. Msuguano wa visahani hivyo ndio unaokifanya kioo kisimame pale unapokiacha. Bawaba ina miguu miwili: mmoja umefungwa kwenye kava la nyuma la kioo, mwingine kwenye kitako, upande wa kibodi. Skrubu zake haziumi plastiki moja kwa moja. Zinaingia kwenye nati ndogo za shaba ya njano ambazo kiwandani zilizamishwa ndani ya viguzo vya plastiki, na ukuta wa kiguzo kimoja ni mwembamba mno. Grisi ikikauka na vumbi likaingia, bawaba inakuwa ngumu, na nguvu yote ya mkono wako inaishia kwenye vile viguzo. Kimoja kikikatika, mzigo unahamia kwa wenzake. Mwishowe mguu mzima wa bawaba unabaki unaelea, na kila ukifungua unalisukuma kava kutoka ndani mpaka linaachana na fremu. Ni kama mlango wa mbao ambao bawaba zake zimeshika kutu: ukiulazimisha, chuma kinabaki na ubao ndio unaong'oka.

Kinachoharakisha balaa hilo ni kufungua mashine kwa kushika kona moja ya kioo. Upande ulioshikwa ndio unaobeba karibu mzigo wote. Nikipokea mashine iliyopasuka kushoto, huwa namuuliza mwenyewe anafunguaje, na mara nyingi mkono unakwenda wenyewe kwenye kona hiyohiyo.

Kwa hiyo kuanzia leo, kabla hujanunua chochote, acha kuifunga na kuifungua. Iache wazi mezani, ifunike kwa kanga vumbi lisiingie. Waya wa picha unaotoka kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya umeme ya mashine, kwenda kwenye kioo unapita palepale kwenye bawaba, mara nyingi pamoja na nyaya za antena ya Wi-Fi na za kamera. Bawaba inayoelea inaubana waya huo na kuukwangua. Ukikatika, kazi ya gundi inageuka kuwa kazi ya kutafuta waya, na mambo yakienda vibaya zaidi unaweza kupoteza hata kioo. Na hamisha mitihani na alama zote kwenye flashi leo hii. Mashine ni nzima, ndiyo, lakini unakwenda kuifungua, na alama za darasa zima hazipaswi kukaa mahali pamoja wakati bisibisi iko mkononi.

Sasa angalia betri. Hili silipiti juujuu kwa sababu lina hatari ya kweli. Kuna kava linalopasuka kwa bawaba, na kuna kava linalopasuka kwa betri iliyovimba, na kwa nje yanaweza kufanana. La bawaba linaachia kwenye kona. La betri linaachia katikati au mbele: kitako kinayumba ukikiweka juu ya meza iliyonyooka, kibao cha kipanya kinainuka au kinakataa kubonyezeka, na kibodi inajikunja kidogo. Ukiona dalili hizo, zima mashine, chomoa chaja, na usiibane kava lirudi mahali pake. Betri za lithiamu zikivimba ndani yake kuna gesi. Ukiitoboa au kuikunja inaweza kuwaka moto ambao hauzimiki kirahisi. Betri hiyo itolewe bila kuchokonolewa kwa chuma, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, ipelekwe kwa fundi au muuzaji anayepokea betri chakavu. Usiitupe kwenye shimo la takataka linalochomwa moto. Kwa maelezo yako naamini tatizo lako ni bawaba, lakini hakikisha kwa macho yako.

Kuhusu gundi. Supaglu ina mahali pake, ila si hapa. Inashika haraka na inashika sana pale nyuso mbili zinapolaliana bila nafasi. Haijazi tundu, na ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haina mnyumbuliko. Bawaba haivuti plastiki wima tu. Inaibandua kwa pembeni, na kubanduliwa ndiko supaglu isikokuweza. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi na hata kwenye lenzi ya kamera. Mimi naitumia kwa nyufa nyembamba za urembo tu, mbali na bawaba. Watu humwagia bekingi soda juu ya supaglu mbichi, na ni kweli inaganda papo hapo ikawa kama jiwe. Kwa kujazia tundu dogo la fremu inafaa. Kwa kiguzo cha bawaba, jiwe hilo linapasuka lote kwa pamoja.

Unachohitaji ni epoksi, gundi ya mirija miwili ambayo wengi tunaiita Araldite hata ikiwa ya kampuni nyingine. Ukija Kigoma mjini, zunguka maduka ya spea za pikipiki na ya vifaa vya ujenzi pale Mwanga. Zipo za aina mbili: inayoganda kwa dakika tano hivi, na inayochukua saa kadhaa. Chukua ya polepole. Inakupa muda wa kupanga nati zako bila kukimbizana nayo, na ikikomaa huwa imara zaidi. Kuna pia ya kijivu yenye unga wa chuma ndani, wanayotumia watu wa injini. Hiyo ni nzuri sana kwa viguzo, ila iweke mbali na mazabodi na nyaya zilizo wazi.

Geuza kipande cha kava upande wa ndani utaona maandishi madogo yaliyochongwa kwenye plastiki, kama ABS au PC+ABS (PC hapa ni polikaboneti, aina ya plastiki). Makava mengi ya plastiki ni ya aina hizo mbili, na epoksi inazishika zote ukizikwangua kwanza. Utasikia ushauri wa kutumia asetoni, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kutolea rangi ya kucha. Asetoni inayeyusha ABS kweli, na wapo wanaoyeyusha vipande vya ABS ndani yake wakapata uji wa kujazia nyufa. Lakini kwenye plastiki yenye PC inaleta nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka, na tone moja likidondoka nje ya kava linakula mng'ao usirudi tena. Kwa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza, sikushauri.

Jambo jingine la kwetu huku. Usikate kiraka kutoka kwenye dumu la mawese. Najua dumu ndiyo plastiki iliyo karibu na kila mtu Kigoma, lakini ile ni polithini, na karibu gundi zote hazishiki polithini. Zikikauka zinabanduka kama ganda. Dumu kuukuu lina faida nyingine: kata bapa safi, lioshe kwa sabuni, ulitumie kama ubao wa kukorogea epoksi, kwa sababu hiyohiyo kwamba haitashika. Kwa kiraka, tumia kadi ya benki iliyoisha muda wake, au wavu wa chuma wa dirishani.

Vifaa vingine ni vya kawaida. Bisibisi za nyota namba 0 na 00, plasta ya karatasi, msasa mwembamba, spiriti ya duka la dawa, pamba, vijiti vya meno, mafuta ya mgando, mafuta ya cherehani, koleo ndogo, na kadi nyingine ngumu ya kupenyezea kwenye maungio. Bisibisi ya chuma isitumike kubandulia; inakata vishikizo vya plastiki na kuacha kovu ukingoni.

Zima mashine kabisa, usiiache kwenye usingizi. Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani, fungua kava la chini kisha uchomoe plagi yake kwa kucha au kipande cha plastiki, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Shika kitu cha chuma kinachogusa ardhi kabla hujagusa ndani, umeme wa mwilini usije ukaua chombo.

Skrubu zipange kwa ramani. Chukua karatasi, chora mstatili wa kitako, na kila skrubu unayotoa ibandike kwa plasta pale ilipotoka. Nasisitiza hili kuliko unavyoweza kudhani linastahili. Skrubu za laptopu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatokeza upande wa pili. Ama inatoboa kava pale unapolaza mikono, ama inakata njia ya umeme kwenye mazabodi. Nimepokea mashine ambazo ufa wa mwanzo ulikuwa mdogo na kilichoziua ni skrubu moja iliyorudishwa mahali pasipo pake. Piga picha kila hatua kwa simu, hasa pale nyaya zinapopita. Nyaya za Wi-Fi kwa kawaida ni mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Andika ipi inakaa wapi. Plagi ya waya wa kioo inashikwa kwa utepe au kikufuli kidogo: kifungue kwanza, kisha uivute plagi kwa kuishika mwili wake. Kamwe usivute waya.

Fremu inayozunguka kioo hushikwa kwa vishikizo, na wakati mwingine kwa skrubu zilizofichwa chini ya vibandiko vya mpira. Anzia pale ilipokwisha achana, kwenye kona yako mbovu, uende taratibu na kadi. Paneli ya kioo ikitoka, ilaze kifudifudi juu ya taulo safi na usiibonyeze katikati. Sasa kava la nyuma liko peke yake mezani, na hapo ndipo kazi inapokuwa nyepesi, kwa kuwa hakuna kinacholivuta.

Litazame kabla hujaligusa. Kando ya ufa utaona mistari myeupe kwenye plastiki, kama pale unapokunja kijiko cha plastiki. Weupe ule ni plastiki iliyovutwa ikachoka bila kupasuka bado. Ufa utaendelea kupitia hapo, kwa hiyo gundi na kiraka chako vivuke mpaka wa weupe kwa sentimita moja au zaidi. Watu wengi huunga ufa unaoonekana tu. Mwishoni kabisa mwa ufa, kama kuna nafasi na hakuna kitu nyuma yake, toboa kitundu cha milimita moja kwa sindano iliyopashwa moto au kwa keekee ndogo ya mkono. Ufa ukifika kwenye duara hupoteza ncha, hausongi tena.

Chungulia pia chini ya kava na kwenye mikunjo ya bawaba kama kuna nati za shaba zilizobingirika. Ziokote zote. Bila shaka moja itakuwa bado imeshikiliwa na skrubu kwenye mguu wa bawaba, na ganda la plastiki iliyokatika limeizunguka kama kola.

Sasa bawaba, kabla ya tone lolote la gundi. Ifungue, ishike mguu mmoja kwa koleo, na uzungushe mwingine kwa vidole. Nzuri inazunguka kwa ubishi ulio sawa mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama wala kuruka. Yako nadhani haitasogea kabisa kwa vidole. Kwenye ncha ya mhimili utaona nati. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kati ya visahani, izungushe mara kadhaa kwa koleo, halafu legeza nati kwa robo ya mzunguko au pungufu. Jaribu. Ongeza kidogo kama bado ngumu. Usilegeze mpaka inazunguka bure, maana kioo kitakuwa kinaanguka chenyewe. Linganisha na bawaba ya kulia, na hata hiyo ya kulia ilegeze ikiwa ngumu. Zote mbili zifanane, la sivyo mzigo utahamia upande mmoja. Usitumie mafuta ya kupikia, yawe alizeti au mawese, kwa sababu yakikaa yanageuka ulimbo na bawaba inarudi kukaza. Kuna bawaba zisizo na nati, zilizofanywa kwa bati lililoviringishwa kuzunguka mhimili; hizo zilainishe kwa tone la mafuta, na zikigoma, agiza nyingine. Bawaba peke yake kwa kawaida ni ya bei nafuu kuliko kava zima. Ukimaliza ifute kwa spiriti, mafuta yote ya nje yatoke.

Rudi kwenye kava. Toa supaglu yako yote ya zamani kwa kuikwangua, maana epoksi ikilala juu ya supaglu itashika supaglu, na supaglu itaachia plastiki kama ilivyozoea. Kwangua kwa msasa sehemu yote unayotaka kupaka mpaka mng'ao wake upotee, iwe kavu na yenye mikwaruzo, futa vumbi, kisha futa kwa pamba yenye spiriti na usubiri ikauke. Kuanzia hapo usiiguse tena kwa kidole. Hili la kidole ni muhimu kwetu tunaokula ugali na migebuka iliyoungwa kwa mawese: hata ukinawa kwa sabuni, mafuta kidogo hubaki kwenye mikunjo ya vidole, na alama moja ya kidole inatosha kuifanya gundi ilale juu bila kushika. Nawa mara mbili, au vaa mfuko safi wa nailoni mkononi.

Hatua ya kupandikiza nati ndiyo roho ya kazi nzima. Zifunge nati zote kwenye mguu wa bawaba kwa skrubu zake, ili bawaba yenyewe izipange mahali pake. Kabla ya kufunga, paka uzi wa kila skrubu mafuta ya mgando, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno; epoksi ikipenya haitaweza kuikamata skrubu. Mafuta hayo yasiguse nje ya nati, maana huko ndiko tunakotaka gundi ing'ang'anie. Jaribu kwanza bila gundi: bawaba ikae palepale ilipokaa zamani, mhimili wake ulingane na wa upande wa kulia. Kama mabaki ya viguzo yanazuia, yapunguze kwa wembe.

Koroga epoksi kwa vipimo vilivyo sawa kutoka kila mrija, isipokuwa kama pakiti inasema vingine. Ikoroge kwa kijiti dakika mbili nzima, ukikwangua pembeni na chini, mpaka rangi iwe moja. Epoksi isiyokorogwa vizuri haikauki kamwe. Inabaki inanata, na kuitoa ni taabu kubwa. Paka kwanza safu nyembamba ukiisugua kwenye plastiki, halafu jaza mahali pa viguzo, kisha shusha bawaba yenye nati zake mpaka ikae. Ongeza gundi kuzunguka kila nati ifike karibu na usawa wa mguu wa bawaba bila kuupanda. Kipande cha wavu wa chuma kilichokatwa kuzunguka nati na kuzamishwa ndani ya epoksi kinaongeza nguvu sana, kwa sababu mzigo unasambaa kwenye eneo pana badala ya kukaa kwenye vidoa vitatu. Ila wavu usifike juu ya kioo zinakokaa antena. Chuma kinaziba mawimbi na Wi-Fi itadhoofika. Angalia pia unene: paneli ya kioo lazima irudi mahali pake bila kupanda juu ya gundi.

Kwa nje, funga ufa kwa plasta kabla hujamimina, gundi isipite. Bana kwa vibanio vya nguo au weka kitabu juu, kwa uzito wa wastani. Kisha iache. Epoksi ya polepole iache saa 24 kamili, hata kama baada ya saa chache inaonekana ngumu. Kuonekana ngumu na kukomaa ni vitu viwili, na bawaba ndiyo itakayokuumbua ukiharakisha. Usianike juani kuharakisha; kava jeusi likipata jua kali la mchana linaweza kujikunja. Fanyia kazi mahali penye hewa, na gundi ikigusa ngozi ioshe mara moja.

Siku ya pili fungua skrubu za bawaba taratibu, zitatoka bila shida kwa yale mafuta. Kagua kama nati zimesimama, rudisha skrubu, kaza kwa vidole viwili bila kulazimisha. Rudisha paneli, rudisha waya wa kioo kwenye njia yake ileile kama picha inavyoonyesha, na kabla hujafunga fremu unganisha betri uwashe. Kama picha inatokea na inakaa unapoinamisha kioo polepole, zima, chomoa betri tena, funga fremu. Ufa wa nje unaweza kuusugua kwa msasa wa maji ukawa laini. Kovu litaonekana, na sioni haja ya kulihangaikia.

Kama utakuta viguzo vimesagika kabisa na plastiki yenyewe imebaki kama karatasi, epoksi peke yake haitoshi. Hapo toboa kava kutoka ndani hadi nje, pitisha bolti nyembamba, weka washa (kisahani cha chuma chenye tundu) upande wa nje na nati ndani. Inaonekana, haipendezi kwa wapenda urembo, lakini inadumu kuliko kiwandani. Pima urefu wa bolti kwa uangalifu: ikizidi hata milimita mbili itakandamiza paneli, na paneli ikipasuka umepoteza kuliko kava.

Mashine yenye kava la chuma usiifanyie haya. Kuna makava ya magnesiamu, na vumbi la magnesiamu linalotoka kwenye tupa linaweza kushika moto. Na kama ufa wako ungekuwa pale chaja inapoingia, ningekuambia uniletee, kwa sababu pale joto na tundu lililolegea vinaweza kuwa chanzo.

Ukiona kuvua paneli kunakutisha, hakuna aibu, nenda kwa fundi. Ila mwambie kazi unayoitaka kwa maneno haya: alegeze bawaba zote mbili, apandikize nati kwa epoksi ya polepole, na aiache siku nzima kabla hajaifunga. Akikuambia unaweza kuichukua baada ya nusu saa, tafuta mwingine.

Kuhusu kuagiza. Wauzaji wa spea huyataja makava kwa herufi. A ni mgongo wa kioo, B ni fremu inayozunguka kioo, C ni sehemu ya juu yenye kibodi na mahali pa kulaza mikono, D ni kitako cha chini. Wewe, kama ufa uko kwenye mgongo wa kioo, unahitaji A, na uulize kama inakuja na bawaba au bila. Kona ya chini nayo ikiwa imeng'oka, basi ni C au D, kutegemea mguu wa bawaba umefungwa wapi. Ndiyo maana nakuomba ufungue kwanza kabla ya kutuma hela Kariakoo. Usitume jina la kampuni na ukubwa wa kioo tu. Geuza mashine, piga picha ya kibandiko cha chini chenye namba kamili ya modeli, pamoja na herufi za mwisho ambazo wengi huziacha, maana modeli mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na bawaba tofauti. Mara nyingi kava lenyewe kwa ndani lina kibandiko au mhuri wa namba ya spea; hiyo ndiyo namba ya uhakika kuliko zote. Mwombe muuzaji akupigie picha ya ndani ya kava kabla hajalipakia kwenye basi, uhesabu nati za bawaba na uone zimekaa wapi. Zikilingana na zako, alete.

Na likifika jipya, bawaba za zamani zilegeze kwanza kabla ya kuzifunga humo.